Agot na Viungo vya Neno

Wandera alimfahamu Agot kwa kisu chake. Mfanyabiashara huyo wa nyama kutoka Lodwar alikuwa ameenda Kakuma kutafuta mbuzi, akamkuta mama huyo wa Sudan Kusini akipasua beberu bila shoka. Ncha ya kisu iligusa kiungo, paja likaachia lenyewe, wala chembe ya mfupa haikuruka. Walivutana juu ya mshahara mpaka jasho likamtoka Wandera, kisha akamwajiri amkatie nyama palepale Kakuma.

Baadaye wauza nyama wenzake walimchagua Wandera awe mwenyekiti wao. Kilichobaki ni kusoma kiapo mbele ya watu, kwa Kiingereza, naye shule aliiacha darasa la nne. Akishindwa, kiti ni cha Kariuki, mshindani wake.

Agot alikuwa amesoma hadi sekondari katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Wandera akamwendea na karatasi.

"Kwanza bei, Mzee," Agot akasema. "Ile stoo yako tupu ya hapa Kakuma. Nataka kufundishia akina mama kusoma."

"Siku mbili kwa wiki."

"Zote. Ama kamwombe Kariuki akusomee."

Wandera akakubali, kisha akamwonyesha neno lililomkaba: incorruptibility.

"Nimelikata herufi tatu tatu. Inc, orr, upt... Halimezeki!"

"Umelipiga shoka! Neno nalo lina viungo. Tafuta panapoachia."

Agot akafunika mwanzo na mwisho kwa vidole. Katikati pakabaki corrupt.

Wandera akaduwaa. "Hili si nalijua? Kila siku liko redioni! Ufisadi!"

"Hicho ndicho kiwiliwili. In ni kichwa, kinakataa. Ibility ni mkia, unasema ni hali. Hali ya kutofisadika. Ukisahau kichwa, Mzee, umeapa kuiba. Sasa, maana ina viungo vyake, lakini mdomo unataka matonge: in-cor-rup-ti-bi-li-ty."

Wandera akameza tonge moja moja. Akirudi Lodwar, alisimamisha pikapu kwenye kila kibao cha mashirika ya misaada. Inter-nation-al. Miaka yote alikuwa akivipita kama mawe, kumbe ndani mna watu wanaongea! Akalisoma tena kwa sauti, injini ikinguruma.

Siku ya kiapo neno lilimtoka zima, hata Kariuki akapiga makofi, ingawa kwa kuchelewa.

Stoo nayo ilijaa wanafunzi, na Agot akaweka kisu chini. Siku hizi nyama ya Wandera inakatwa kwa shoka, chembe za mfupa zikiruka, na wateja wanamtania: "Mwenyekiti, leo umetuuzia kokoto?"

Kwake hiyo ni hasara, hana jina lingine la kuiita. Lakini kila akipita Kakuma, huzima gari nje ya stoo na kusikiliza akina mama wakitafuna neno refu, mpaka liachie.