Zambarau Juu ya Blanketi

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani Uthiru nikingoja matokeo, na kazi niliyopewa ilikuwa mguu wa nyanya yangu. Ulikuwa na kidonda kikaidi cha ugonjwa wa sukari, na daktari alishasema kwamba kisipokauka, mguu utakatwa. Asubuhi na jioni nilikiosha, nikakipaka dawa ya zambarau, ile inayochafua vidole, shuka na jina lako pale mtaani.

Nyanya hakuweza kushuka kitandani, na chumba chake cha mabati kilikuwa cha kijivu kutwa. Siku moja niliimimina dawa kutoka chupa yake ya kahawia, nikaitia katika chupa angavu ya manukato, nikaiweka dirishani. Saa nne jua lilipofika, kipande cha mwanga wa zambarau kilianguka juu ya blanketi. Nyanya akatia mkono ndani yake, akaugeuza polepole, kiganja, mgongo, kiganja. Tangu hapo tulikaa hivyo kila asubuhi hadi jua lilipopanda juu ya paa. Nilijiona mjanja sana.

Wiki zilipita. Kile kipande kikafifia, nami nikadhani ni macho yangu yaliyozoea. Kisha kidonda kikaanza kunuka.

Kliniki mjini, muuguzi aliinua ile chupa kwenye mwanga.

"Shosho, hii mlikuwa mnaweka wapi?"

"Dirishani," nyanya akajibu.

"Basi si dawa tena. Jua ikiipiga, inavunjika, inakuwa vitu zingine kabisa. Ndiyo maana inawekwa kwa chupa ya kahawia. Nani aliihamisha?"

Nilifungua mdomo.

"Ni mimi," nyanya akasema. "Nilitaka rangi kidogo."

Nikaufunga. Aibu ya kuufunga bado ninayo, na haijafifia hata kidogo.

Walimkata vidole viwili, mguu ukapona. Tuliporudi nyumbani niliificha dawa mpya kabatini, ndani ya chupa yake ya kahawia, na ile mbovu nikaimwaga nyuma ya choo kabla hata ya kuvua viatu.

Kesho yake saa nne, jua likaingia. Nyanya akanyoosha mkono juu ya blanketi, akautazama.

"Ile iliyoharibika," akaniuliza, "bado unayo?"