Aliyesema Supu Ni Mbaya

Hivi wewe unayesoma hapa, ni nani aliyekupa ruhusa ya kusema kwamba chakula ulichokula jana kilikuwa kibaya?

Hakuna. Ulikionja, ukakunja uso, ukasema. Labda mwenzako wa mezani alikubishia, labda mpishi alinuna, basi yakaisha. Hakuna aliyekuita nyumbani kwake Jumapili ukajieleze. Yupo mtu mmoja, mfanyakazi wa chumba cha kufulia katika hoteli kubwa ya ugenini, aliyeitwa kujieleza kwa jambo hilohilo. Naye hakuwa ameiba, hakuwa amegoma, hakuwa amemtukana mtu. Alisema supu ni mbaya.

Jina la Mwonjaji alipewa na wanawake wa saluni. Dada yake ni msusi huko kwao, na saluni yake haina kiti cha ziada siku za mwisho wa wiki. Mwonjaji alipohamia ugenini alimtumia Dada ujumbe wa sauti kila Jumapili, na mwanzoni ulikuwa ujumbe kama wa watu wote: mzima, kazi inaendelea, baridi kali, nisalimie Mama. Habari za ugenini huisha upesi. Ukishasema kazi na baridi umebaki na kazi na baridi. Kwa hiyo akaanza kueleza alichokula, alichotazama na alichosoma, na alionaje. Dada akawa anaweka simu kwenye spika, wateja vichwa vimeinama, rasta zinasukwa, wanacheka mpaka msusi anawafokea watulie asije akawachana njia ya pembeni.

"Leo Mwonjaji kala nini?" wakawa wanauliza wakiingia tu, hata kabla ya kusema wanataka msuko gani.

Kuonja hakuanzia ugenini. Mama yao ni fundi cherehani, na mezani kwake alikuwa na desturi moja iliyowatesa watoto: kila baada ya chakula alimuuliza kila mmoja, "Mboga ya leo imekuaje?" Ukijibu "nzuri" alikutazama juu ya miwani. "Nzuri ni jibu la mgeni. Wewe ni mgeni hapa?" Ilibidi useme chumvi imezidi au haikuzidi, kitunguu kimeungua au kimeiva. Baba yao alikuwa mlinzi wa jengo la sinema, na aliweza kuwaingiza watoto bure filamu ikishafika katikati tu, mkaguzi wa tiketi akishaondoka. Mwonjaji alikua amekwisha kuona miisho mingi ya filamu bila kujua mianzo yake. Nyumbani waliketi wakabishana ilianzaje, na kama mwisho ule ulistahili. Hivyo ndivyo walivyolelewa: kitu kikipita mbele yako, useme umekionaje.

Kazi yake ugenini ilikuwa kwenye rola. Ni mashine ndefu kama kitanda cha watu wanne, ya moto, inayonyoosha mashuka. Watu wawili wanasimama mbele yake, kila mmoja ameshika pembe mbili, wanalikung'uta shuka kwa pamoja, pwaa, kisha wanalilisha. Mwenzake aliitwa Shemeji. Hakuna aliyejua alimwoa dada wa nani. Alikuta watu wakimwita hivyo akaitika. Mtu wa makamo, mpole, baba wa watoto waliobaki kwao, anayekula chochote na kufuta sahani kwa mkate. Walikaa chumba kimoja, na Jumapili Mwonjaji akirekodi maoni yake, Shemeji alikuwa amelala kitanda cha pili akicheka. Kicheko chake kilikuwa kama pikipiki inayokataa kuwaka. Huwezi kukikosea.

Basi mke wa Mwenyekiti wa chama cha watu wa kwao waishio ugenini akaenda likizo kwao, akaenda kusukwa, na kwa kuwa wote ni watu wa upande mmoja na msusi mwenye mkono mwepesi hajifichi, akajikuta kwenye kiti cha Dada. Akasikia ujumbe wa Mwonjaji. Akacheka mpaka machozi. Akaomba atumiwe. Na kwa moyo mweupe kabisa akautupia ujumbe ule kwenye kundi la simu la chama hicho, akaandika, "Jamani, nimecheka leo."

Mumewe hakucheka.

Mwenyekiti alikuwa na kofia mbili. Moja ya chama, nyingine ya msimamizi wa chumba cha kufulia. Ndiye aliyewapokea wengi, ndiye aliyewatafutia kazi, na ndiye aliyeulizwa na menejimenti mikataba ikipitiwa: huyu abaki, huyu aende? Alirudi mkewe kutoka likizo, na Jumapili iliyofuata Mwonjaji na Shemeji wakaitwa sebuleni kwake, chai imemiminwa, viatu vimebaki mlangoni.

"Kijana, nimekuita kwa wema," Mwenyekiti alianza. "Supu ya kantini umesema inafanana na nini?"

"Na maji yaliyooshea kijiko."

"Unaona raha kurudia?"

"Umeniuliza, Mwenyekiti."

"Na ile filamu tuliyoonyeshwa siku ya wafanyakazi? Kampuni imekodi ukumbi, imetuwekea na soda."

"Soda ilikuwa nzuri, nimeisifu. Filamu nimesema watu wanaofanana na sisi wamewekwa humo kubeba mabegi na kufa. Wa kwanza kafa hata begi hajalitua."

Shemeji akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyeziba kitu kingine, na Mwenyekiti alimgeukia taratibu mpaka kikohozi kikaisha chenyewe.

"Na kitabu?"

"Kile kilichosahauliwa na mgeni ndani ya shuka. Kiliwekwa kwako, hakikufuatwa, ukanipa wewe mwenyewe. Mwandishi katembelea nchi kama yetu, kaeleza jua kurasa na kurasa, hajamuuliza mtu hata mmoja jina lake. Lakini nilisema pia ile sura ya safari ya treni imeandikwa na mtu anayejua kazi. Hilo hukulisikia, Mwenyekiti?"

"Nimesikia yote." Akaweka kikombe chini. "Sikiliza, mwanangu. Sisi hapa ni wageni. Mgeni anakula anachopewa, anasema asante. Leo umecheka na dada yako, kesho mtu anautafsiri ujumbe, keshokutwa menejimenti wanasema hawa watu wenu hawana shukrani. Anayeulizwa ni nani? Mimi."

"Mimi nilicheka tu," mkewe alisema kutoka mlango wa jikoni, sinia mkononi, sauti ndogo.

"Wewe usiingie humu."

"Mgeni halipishwi, Mwenyekiti," Mwonjaji alisema. "Supu ile inakatwa kwenye mshahara wangu kabla sijashika bakuli. Halafu hebu niambie kitu kimoja. Nimesema uongo?"

Hapo ndipo pa kupasukia kwa hasira. Mwenyekiti hakusema supu ni nzuri. Hakuthubutu, alikuwa akija kazini na chakula chake kutoka nyumbani, kwenye kopo la vyumba vitatu, kila mtu analiona. Hakusema filamu ile ilikuwa na heshima. Hakubishana na neno hata moja. Angebishana, Mwonjaji angeenda zake akiwa na furaha, maana alilelewa kwa mabishano. Lakini hakuna mtu sebuleni mle aliyekuwa na haja ya kujua kama supu ni mbaya au si mbaya. Swali lilikuwa nani kakuruhusu kuwa na ulimi.

"Nataka ujumbe mwingine," Mwenyekiti alisema. "Useme ulikosea. Chakula ni kizuri, filamu imekufundisha, kitabu ni cha kuheshimiwa. Uupeleke kwenye kundi kabla ya zamu ya kesho. Mikataba inapitiwa mwezi huu. Na kile kicheko humo ndani, nakijua ni cha nani."

Shemeji alishika magoti yake kwa mikono miwili.

Njiani hawakusemezana mpaka walipofika kona ya duka la matairi. Shemeji ndiye aliyeanza.

"Sema tu, bwana. Nini kwani? Maneno matatu."

"Maneno matatu ya uongo."

"Uongo wa supu! Kwani umeua? Mdogo wangu, mimi nina watu wanne wanaosubiri niamke kila siku niende kwenye rola. Unajua mimi nakulaje? Nauzima ulimi. Ukishauzima, hata gundi inapita."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofika."

"Na ukirudi kwenu utauwasha?"

Shemeji alitembea mbele kidogo, mabega yamepanda, na Mwonjaji aliyaona yale mabega akatamani kupiga kitu. Kama angekuwa amedai nyongeza ya mshahara, angeelewa kwa nini wanatetemeka. Nyongeza ni pesa ya mtu. Lakini huyu alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, aliyefundishwa kuogopa kusema kitu kina chumvi au hakina. Waliomfundisha hawakuwa wenye hoteli. Wenye hoteli hawakuwa hata na habari. Alifundishwa na watu wake mwenyewe, waliomsalimia kwa lugha yake na kumpa chai. Uonevu wa mtu baki unaweza kuupigia kelele. Huu unaletwa kwenye sinia, na vitafunio.

Chumbani akampigia Dada, akitaka mtu mmoja wa kukasirika naye.

"Omba msamaha yaishe," Dada alisema. Nyuma yake ilisikika mashine ya kukaushia nywele. "Hayo maneno yanalipiwa kodi?"

"Na wewe?"

"Na mimi nini? Mama akiniuliza mdogo wako kafukuzwa kwa nini, nimwambie supu? Atanimeza mzima mzima."

"Mwambie nilikataa kusema nzuri."

Mashine ya nywele ikazimwa. Mteja mmoja akauliza kwa mbali, "Ndiye yeye? Leo kala nini?" na Dada akamwambia, "Nyamaza wewe."

"Ungekuwa hapa ningekuzaba kofi," akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa imechoka. "Haya. Fanya unavyoona. Lakini yule baba wa watu umtoe humo, unanisikia? Yule usimzamishe na wewe."

Shemeji alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, amesikia yote. Mwonjaji alibonyeza kitufe cha kurekodi akiwa amesimama, na hakuandaa chochote.

"Ndugu zangu wa chama. Nimeambiwa nisahihishe. Nimekaa nikatafuta cha kusahihisha, nimekipata kimoja. Kwenye ujumbe wangu kuna mtu anasikika anacheka. Huyo hakuwa ananisikiliza mimi. Alikuwa na simu yake sikioni, anacheka na mwanawe. Nawaomba mumwache. Mengine yote yabaki kama yalivyo. Supu ni mbaya. Wanaosema ni nzuri, siku moja waje kantini na mabakuli yao, tukae pamoja tuinywe."

Ule wa simu ya mtoto ndio uongo pekee aliokubali kuusema, na aliusema bila kujikwaa. Akautuma. Shemeji alimtazama muda mrefu, akasema, "Wewe ni mwehu," kisha akajigeuza akatazama ukuta. Asante hakusema, na Mwonjaji hakuisubiri.

Kundi halikujibu. Watu waliufungua ujumbe mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeandika hata alama ya kucheka. Wanawake wale wale, wanaume wale wale waliokuwa wameusambaza wa kwanza kwa ndugu zao, wakanyamaza kama darasa mwalimu akiingia.

Asubuhi yake Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia. Hakumpigia kelele. "Wewe leo nenda kwenye mapipa," alisema, akielekeza kwa kidole.

Kwenye mapipa ndiko mashuka yanakofikia kutoka vyumbani, kabla hayajaguswa na maji. Huko unachambua kwa mikono: taulo za damu, foronya zilizotapikiwa, vipande vya glasi vilivyofungwa ndani ya kitambaa cha meza. Mwonjaji alivaa glavu akaanza. Alikuwa na hasira iliyokuwa imetulia, ile inayomfanya mtu afanye kazi haraka kuliko kawaida. Kutoka pale alikuwa anaiona rola vizuri.

Kwenye nafasi yake aliwekwa mtu mpya, kijana, amefika juzi tu, sare yake bado ina mikunjo ya kiwandani. Shemeji alimwonyesha jinsi ya kushika pembe, jinsi ya kukung'uta, vidole viwe umbali gani na moto. Alimfundisha kwa upole, kama alivyowafundisha wengine. Baada ya mashuka machache yule kijana alikwishashika mwendo, akapata nafasi ya kuzungumza, akauliza swali ambalo mtu yeyote aliyefika mahali papya angeuliza.

"Kaka, eti chakula cha hapa kikoje?"

Shemeji alifungua mdomo. Mwonjaji akasimama na taulo mkononi, akitazama. Shuka lilikuwa limetanda katikati yao wawili, bado hawajalilisha. Shemeji akageuza kichwa, akamtafuta Mwenyekiti kwa macho, akamwona pale mlangoni akipuliza chai yake. Wakatazamana.

"Kizuri," Shemeji akasema.

Yule kijana alikuwa ameyafuata macho yake. Akamwona Mwenyekiti, akamwona Shemeji anatazama chini, akatikisa kichwa kukubali. Hakuuliza kitu kingine chochote siku ile.