Katiba ya Jengo Letu

Mwaka 2010 nyumbani Kenya walipigia kura katiba mpya, sisi wa Doha tukabaki kutazama kwenye televisheni. Roho iliniuma, nikaamua jengo letu la Abu Hamour nalo liwe na katiba yake. Tulikuwa wanawake wafanyakazi wa hoteli, Wakenya, Waganda na Watanzania, tukigombania jiko na kuwapigia kelele wenzetu waliotoka zamu ya usiku. Maji yakikatika, kila mmoja alikwenda kivyake kwa mudiri, msimamizi wa jengo, naye hakumsikiliza yeyote. Nikaandika kanuni za jiko, za usingizi, na za mwenyekiti atakayetusemea kwa mudiri. Kiti hicho nilikitaka mimi, na sioni haya kusema.

Nikaanza kupita chumba kwa chumba. Wengine walinisikiliza huku wakipiga pasi, wengine walijifunika shuka. Mkenya mwenzangu akanikatiza mlangoni, "Sista, si utuache tulale bana. Hiyo katiba tutaiona tu."

Basi mle jengoni alikuwemo mama mmoja wa Unguja, msusi. Kila Ijumaa alikaa kitandani, mteja chini katikati ya magoti yake, na wanaongoja zamu wamejaa chumbani. Aliisoma katiba yangu mara moja, akaipenda, akaanza kuihubiri kichwa baada ya kichwa. Mtu aliyeshikwa nywele ataenda wapi?

Nami nilikwenda kusukwa, nipendeze mbele ya wapiga kura. Nikiwa chini pale, nikamsikia juu yangu akiwaambia wenzangu, "Mwataka kila siku kubishana na mudiri mmoja mmoja? Atakuchokeni, khalas. Tukiwa na msemaji mmoja atatusikiliza. Tulia mwanangu, usitikise kichwa."

"Kweli kabisa, mama," wakaitikia.

Maneno yale yale niliyowaambia mimi! Kwangu walipiga miayo. Kwake wakawa wanaulizana kura ni lini. Wivu ulinipanda mpaka machozi yakanilenga. Akadhani amenikaza sana, akanilegezea msuko wa mbele. Hata huruma yake niliichukia.

Ijumaa iliyofuata tulikutana kwenye korido ya chini. Mikono yote ikapanda, katiba ikapita. Nikajikohoza, nikasimama kuwakumbusha kwamba sasa tunachagua mwenyekiti. Kabla sijamaliza, yule aliyenifukuza mlangoni akapaza sauti, "Kuchagua nini tena? Si ni mathe wa kusuka!" Mikono ikapanda upya, na vigelegele juu.

Mama wa Unguja akawanyamazisha. "Jamani, aliyeandika ni mwanangu huyu. Mpigieni makofi."

Wakanigeukia, wakanipigia makofi ya kuombewa, nami nikatabasamu meno yote nje. Kisha wakamgeukia yeye, wakamwuliza zamu za jiko zinaanza lini, na mimi niliyeziandika nimesimama pale pale.