Besi la Asukile na Maharage ya Tupokigwe

Asukile, fundi cherehani wa Mbalizi, hakuwa mgonjwa. Ndivyo alivyomwambia kila mtu mwaka ule wa 1956, na ndivyo alivyomwambia Liberatus, dresa wa zahanati, ingawa alikuwa ameketi mbele yake jasho likimchuruzika mpaka kwenye kola. Asubuhi hiyo alikuwa anapuliza besi kanisani, lile tarumbeta kubwa la shaba linalomzunguka mtu kama chatu. Katikati ya wimbo pumzi ikakatika, akaona nyota, akaketi kwa kishindo juu ya mguu wa mzee wa kanisa.

"Njaa tu," alisema.

Liberatus alilitazama tumbo lake. "Njaa hiyo imejificha wapi, Mzee?"

Alimfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo kwa kipira mpaka vidole vikafa ganzi. Zebaki ikaanza kupanda ndani ya kioo chembamba kilichotundikwa ukutani. Ajabu yake, damu iko mkononi lakini habari zake zinasomwa ukutani! Asukile, ambaye kutwa hupima viuno vya watu, hakuweza kunyamaza.

"Inchi ngapi?"

"Mia na tisini, na hizi si inchi. Damu yako inasukumwa kwa nguvu mno. Moyo ndio unaoisukuma, mchana na usiku, hauna Jumapili."

Liberatus alikuwa Mhehe wa Idodi, kazi alijifunzia Iringa, na alikuwa na maswali mengi kuliko karani wa kodi. Unakula nini? Unatembea? Asukile alieleza yote. Ujanani alilima mlimani. Tangu anunue cherehani, huketi barazani toka asubuhi hadi jioni. Wateja humletea vipande vya nyama vilivyonona, naye hupenda mchuzi wenye mafuta yanayoelea. Chumvi mke wake hutia, kisha yeye huongeza kabla hata hajaonja. Na kiko, bila shaka.

"Lakini miguu haipumziki. Nakanyaga cherehani kutwa."

"Cherehani haijawahi kumpeleka mtu popote, Mzee."

Basi akapewa masharti. Chumvi aache, mafuta na tumbaku aache, atembee kila siku, ale maharage, mboga za majani, ndizi na viazi. Na besi asiliguse mpaka zebaki ishuke hadi mia na sitini.

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Pasaka ilikuwa wiki saba mbele. Alfajiri ya Pasaka kundi la matarumbeta hupanda makaburini na kupuliza kabla jua halijatoka, ili waliolala pale wawe wa kwanza kusikia habari. Baba yake Asukile alikuwa amelala pale. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amempulizia. Sasa Yotamu, kiongozi wa kundi, alimkabidhi besi Ezekia, seremala mwenye mashavu membamba aliyekuwa bado anajifunza.

Asukile akashika masharti kama askari. Kopo la chumvi alimpa jirani. Nguo zilizokwisha kushonwa alizipeleka mwenyewe kwa miguu, mpaka vilimani, wateja wakicheka, "Fundi, siku hizi unatembeza kama mchuuzi?" Kiko kilimtesa kuliko vyote, alitafuna vipande vya uzi wa buluu mpaka midomo ikashika rangi. Suruali yake aliipunguza kiuno mara mbili.

Baada ya wiki nne alirudi kwa Liberatus akiwa na furaha. Zebaki ikasema mia na themanini na tano.

"Unanidanganya, Mzee."

"Mimi? Mkristo mzima? Sijaonja hata punje!"

Kesho yake mchana Liberatus alifika nyumbani kwake bila taarifa. Tupokigwe, mke wa Asukile, akamkaribisha chakula, maana mgeni haondoki hivi hivi. Liberatus alionja maharage, akatafuna polepole.

"Mama Marta, yameiva vizuri sana. Umeyabandika saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne! Kwa baridi hii? Hata kwetu kwenye joto yangekuwa bado mawe."

"Sasa nihangaike na kuni wakati magadi yapo?" Akamwonyesha bonge jeupe, kubwa kama ngumi ya mtoto. "Tena siku hizi nazidisha kidogo. Chakula bila chumvi hakina ladha, huyu mzee ananung'unika."

Liberatus aliweka kijiko chini. "Magadi na chumvi ni ndugu, tumbo moja."

"Magadi si chumvi!" mume na mke walisema pamoja. Nyumba yoyote ya milima ile ingesema hivyohivyo.

"Moyo hauulizi majina."

Asukile akashika kichwa. "Wiki nne nimetafuna uzi bure! Mama Marta, umeniua."

"Nimekuua? Uliambiwa chumvi, nikaondoa chumvi. Mngetaja magadi, ningeondoa magadi."

"Kosa ni langu," Liberatus alisema, akitazama sahani. "Hata mama yangu kule Idodi hutia kwenye mboga. Sikukumbuka hata kuyataja."

Tangu siku hiyo Tupokigwe aliloweka maharage usiku, akayabandika alfajiri, akayaunga kwa kitunguu na limau. Kuni zilikwisha haraka. Asukile akaanza kuzibeba mwenyewe kutoka mlimani, na hakununa.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka zebaki ilisimama kwenye mia na sitini na nne.

"Nne tu!" Asukile alisihi. "Nne ni nini?"

"Suruali ikizidi inchi nne kiunoni, inakaa?"

Asukile akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo.

Alfajiri alipanda makaburini pamoja na wengine, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakusimama njiani kuvuta pumzi. Giza lilikuwa bado zito. Yotamu akamsogelea, akanong'ona, "Shika besi, Asukile. Liberatus ni Mkatoliki, yuko kanisani kwao. Nani atajua?"

Asukile aliligusa. Shaba ilikuwa baridi, imejaa umande. Akalisukuma taratibu kwa Ezekia.

"Vuta pumzi kutoka tumboni," alimwambia, "usiitoe mashavuni."

Ezekia alikosea mara mbili katika ubeti wa kwanza. Asukile alisimama ubavuni pake, kando ya kaburi la baba yake, akaiimba ile sauti ya nne, ya besi, kwa mdomo, nzito na wazi, mpaka Ezekia akaipata.