Samaki ya Kitheka Isiyoona Moto

"Samaki imetoka hapa bwawani ikiwa hai, inaruka," alisema Kalondu, mikono kiunoni. "Ukaichukua, ukaifungia kwa friji ya watu wiki nzima kama maiti. Leo umeitoa na bado unaniambia haipikwi. Sasa Kitheka, si ungewaachia mamba tu?"

"Inapikwa, mwaitu. Inapikwa na ndimu."

"Kwani ndimu iko na moto?"

"Iko na asidi."

"Hata betri ya hiyo pikipiki yako iko na asidi. Inywe basi."

Kitheka alimwacha mamake aongee, akaendelea kukata. Kubishana na Kalondu mambo ya samaki ni kujitafutia makovu. Mama amekaanga samaki hapa sokoni Masinga miaka kumi na tano, kwa hoteli yake ya mabati, na sheria yake ni moja: mafuta moto, samaki ikauke hadi mifupa ilie. Mteja akilalamika imekauka sana, anaambiwa maji iko kwa jagi.

Huyo kijana wake naye ni mtu wa miaka ishirini na mbili, na hajawahi kumaliza kitu. Shule aliacha Form Two. Sio eti kichwa ilikuwa mbaya, ni makalio ilikataa kukaa kwa dawati. Akaingia kazi ya mjengo, akatoka. Akauza kava za simu, akachoka. Saa hii anaendesha boda, na hiyo anaipenda kwa sababu hakuna mahali inakaa. Katikati hapo alienda Syokimau miezi mitano, akaosha vyombo kwa hoteli moja ya watu wa ofisi. Ni huko mpishi alimwonyesha hii kitu inaitwa seviche.

"Samaki ya maji baridi, kama ya bwawa, lazima kwanza igande kama jiwe, wiki nzima," mpishi alimwambia. "Minyoo inauawa na baridi, sio ndimu. Usicheze na hiyo. Ikishayeyuka, kata, mwagia ndimu, ngoja dakika kumi na tano, kula."

Dakika kumi na tano! Kitheka alipoona chakula inajipika yenyewe kwa bakuli, bila mtu kusimama hapo akipuliza moto, alijua Mungu hajamsahau.

Ndio akarudi nyumbani na maneno mengi. Alitaka ile meza ndogo iliyo nje ya hoteli ya mamake, auzie hapo siku ya Jumapili peke yake, ile siku watu wa Nairobi huja kuangalia bwawa na kupiga picha. Kalondu alicheka kwanza. Akacheka tena. Alipoona kijana hacheki, akaweka masharti.

"Utatengeneza hapa nyumbani. Nitaita watu wawili, Kamanthe na mzee Erastus. Wakimaliza sahani, meza ni yako. Wakiacha, Jumatatu unapanda gari unaenda Kathiani kwa mjomba wako Mutunga. Anatafuta mtu wa kupalilia maharagwe."

Kathiani ni milima, na maharagwe ya Mutunga yamepandwa juu kabisa, mahali hata mbuzi hupumzika njiani. Kitheka alipalilia huko siku tatu akiwa na miaka kumi na saba, na mgongo wake bado unakumbuka.

Kwa hivyo Jumamosi hiyo alikuwa mtu mwingine. Alikata samaki vipande vidogo sawasawa. Alikamua ndimu kumi na mbili mpaka vidole vikawasha. Vitunguu alikata nyembamba, akaviloweka kwa maji baridi viache ukali. Dhania, pilipili, nyanya bila mbegu, ovakado moja imeiva vizuri, chumvi. Kalondu alizunguka nyuma yake kama msimamizi wa mitihani.

"Na mafuta?"

"Hakuna."

"Hata Royco ya mchuzi?"

"Mwaitu, tafadhali."

Ndimu alishikilia. Hiyo ndiyo siri ya kazi: humwagi mpaka mtu afike. Saa tisa akampigia Kamanthe, yule anayeuza nyanya kando ya hoteli ya mamake.

"Mko wapi, mama?"

"Tuko hapa kwa geti! Tunaingia!"

Na kweli walikuwa kwa geti, unaona kitambaa cha Kamanthe juu ya ua. Kitheka akamwaga ndimu, akakoroga, akaweka alamu ya simu dakika kumi na tano, akasimama kando ya bakuli kifua mbele. Ni hapo alikosea. Miezi mitano Syokimau ilikuwa imemsahaulisha mgeni wa Ukambani ni mtu wa aina gani. Syokimau mtu anakaa, anakula, anaangalia saa, anaondoka. Hapa mgeni hali kitu kabla ya chai, na chai hainywewi kabla ya habari.

"Habari ya hapa?" akauliza mzee Erastus, mzee wa kanisa, akijishusha kwa kiti pole pole kama mtu anayeshusha kabati.

"Nzuri, mzee. Chakula iko tayari."

"Ng'ombe?"

"Wako salama. Mzee, chakula—"

"Na wewe ulirudi shule?"

"Bado."

"Bado," akarudia Erastus, akimwangalia Kamanthe. "Miaka sita ni bado."

Kalondu akaleta chupa ya chai. Kitheka akamvuta kando. "Mwaitu, chai baadaye. Ile kitu inaiva!"

"Wageni wale bila chai? Unataka waseme nini kunihusu?"

Ilikuwa chai ya maziwa, moto ya kuchoma ulimi, na mzee Erastus hunywa kwa kupuliza. Akapuliza kikombe ya kwanza. Akaongezwa. Kamanthe akahadithia vile nyanya zimeshuka bei, kisha vile zilikuwa zimeshuka mwaka jana. Kitheka alikuwa anakaa, anasimama, anachungulia jikoni, anarudi. Vipande vilikuwa vimeanza kugeuka vyeupe kwa kingo, vizuri kabisa, vile mpishi alimwonyesha. Hapo hapo ndio ilikuwa inafaa kuliwa.

"Tuombe," akasema Erastus.

Watu wa Masinga wanajua maombi ya mzee Erastus. Alianza na mvua. Akaingia kwa bwawa, akaliombea maji, na walio ndani na walio kando. Akawataja wagonjwa kwa majina, na wale hakukumbuka majina akataja vijiji. Simu ya Kitheka ikaanza kulia jikoni, alamu, kelele ya jogoo. Akafungua jicho moja, akanyanyua mguu, akashtukia amefinywa mkono na mamake, ile kufinya ya kuzungusha.

"Na Baba," mzee akapandisha sauti juu ya jogoo, "waangalie vijana wa pikipiki, ambao hawawezi kutulia hata mbele zako."

"Amina," akasema Kamanthe kwa nguvu.

"Bado sijamaliza," akasema Erastus.

Kitheka alipofika kwa bakuli hatimaye, saa nzima ilikuwa imepita na dakika juu. Samaki ilikuwa nyeupe mpaka ndani, imejikaza. Akaweka kipande mdomoni. Kilikuwa kinadunda kwa meno. Aliona ile milima ya Kathiani imesimama mbele yake, na jembe.

"Mwaitu, imeharibika," akanong'ona. "Imekaa sana. Na sina ingine."

"Wageni wako mezani," akajibu Kalondu. "Leta."

Akachanganya vitunguu na zile zingine, akapakua, akapeleka kama mtu anajipeleka polisi. Na kwa sababu si mwongo, akawaambia. "Imepita kidogo. Inafaa iwe laini."

Kamanthe alichukua kipande kimoja kwa ncha ya uma, akanusa, akatafuna. Akatafuna tena. Akamgeukia Kalondu.

"Si ulisema hajapika?"

"Hajapika."

"Usinichezee. Hii imeiva."

Erastus akavuta sahani karibu. Alikuwa amechukua kijiko. Kalondu naye akainama juu ya sahani ya rafiki yake, akachomoa kipande na vidole, akakivunja katikati kutafuta ubichi. Hakuona. Akala. Akarudi akachomoa kingine, hiki na pilipili.

"Hii inataka ugali," akasema mzee.

"Hapana!" Kitheka akaruka. "Mzee, hailiwi na ugali!"

Lakini Kalondu alikuwa ashaleta ile ya mchana, baridi, na watu wazima watatu wakaanza kumega na kuchovya kwa ule mchuzi wa ndimu kana kwamba ndivyo iliandikwa. Kitheka akasimama hapo, amejeruhiwa na kufurahi pamoja. Sahani zilibaki nyeupe. Kamanthe alipangusa yake na kidole.

"Haya," Kalondu akasema, akijifuta mkono. "Meza umepata. Lakini iwe ya saa nzima, hii hii ya leo. Ile ya dakika kumi na tano peleka Syokimau."

"Mwaitu, ya saa nzima ni makosa. Ile ya ukweli—"

"Maharagwe ya Mutunga nayo yako tayari."

Kitheka akafungua mdomo. Kwa kichwa yake mpishi wa Syokimau alikuwa ameshika tama. Kando ya mpishi kulikuwa na mstari mrefu wa maharagwe unapanda mlima.

"Dakika arobaini," akajaribu.

"Saa nzima."

"Saa nzima," akakubali, na akashangaa vile haikuuma sana.

"Na ukae hapo uichunge," mzee Erastus akaongeza. "Usiwashe pikipiki uende."

Simu ikalia. Alikuwa Peris, mwalimu wa nasari. Vifaranga vyake mia vimeshushwa stage ya matatu kwa makatoni, jua limevipiga, na hakuna wa kuvibeba.

"Wageni, mniwie radhi, hawa ni watoto wa siku moja," Kitheka akasema, akipapasa mfukoni kutafuta funguo.

"Keti kwanza tumalize kuongea!" akaita mamake.

Lakini alikuwa ashapiga pikipiki kick, na moshi ulikuwa unaingia mpaka mezani.