Kamba ya Paja la Kushoto

Tryphena Wakesho wa kijiji cha Rukanga alipokuwa na miaka sita alimwagikiwa na uji wa moto kwenye paja la kulia. Kovu lilibaki, gumu na lenye mikunjo, kwa hiyo bibi yake alipomfundisha kupota nyuzi za katani, yaani kuzisokota kwa kiganja juu ya paja ziwe kamba, alimwambia atumie paja la kushoto. Wanawake wengine wote wa kikundi chao cha kusuka vikapu hupota kwa paja la kulia. Msokoto wa kamba zao huinamia upande mmoja, wa zake huinamia upande wa pili. Alitaniwa kwa hilo tangu ujana, naye akalichukia lile kovu.

Agosti mwaka jana mwanawe Sylus, fundi wa pikipiki, alikamatwa sokoni baada ya kubishana na askari. Alikuwa amebeba spana zake ndani ya kikapu cha mamake. Kesho yake polisi walisema amejinyonga ndani ya seli kwa mkanda wa kikapu hicho. Kikapu chenyewe, walisema, kimepotea. Daktari aliyepasua maiti alikuta mbavu tatu zimevunjika. Polisi wakajibu kwamba kijana alianguka akishushwa garini.

Siku ile ile alipoarifiwa kifo, Tryphena akiwa ametoka tu kuutazama mwili, afisa mmoja alimnyooshea mfuko wa plastiki wenye kamba nyekundu, ule mkanda waliosema alijinyongea.

"Mama, hii ni yako?"

Aliuona wekundu, kama wa rangi anayoipika mwenyewe, akasema ndiyo. Akatia sahihi.

Sahihi hiyo ilikuja kumgharimu. Mwezi wa tatu mwaka huu Musyimi, mpelelezi wa tume inayochunguza makosa ya polisi, alimwita ofisini kwake Voi na kumweleza bila kumzungusha.

"Ofisi ya mashtaka imerudisha faili, Mama. Wanasema ushahidi hautoshi kumshtaki mtu. Mbavu wanazibishania, na kamba wewe mwenyewe uliikubali. Nina siku thelathini. Nikikosa kitu kipya, faili inafungwa, na itabaki kuandikwa kwamba Sylus alijiua."

Alhamisi iliyofuata kikundi kilikutana kama kawaida. Dinah, mwenyekiti wao, aliishiwa na kamba, akavuta moja kutoka kwa Tryphena bila kutazama. Punde akaitupa.

"Chukua kamba yako, Mama Sylus! Nikiiunga na yangu zinafunguana kama mtu na mkewe waliochokana!"

Wanawake wakacheka. Tryphena akaiokota, akautazama msokoto wake.

"Dinah, ile ya polisi sikuangalia inainamia wapi."

"Hukuangalia?"

"Niliona rangi tu."

Dinah akasogea karibu. "Na ukienda ukakuta ni yako kweli?"

"Basi nitakuwa nimejua."

"Na isipokuwa yako? Watasema ulidanganya kwa sahihi yako, wewe unayefundisha watoto wa watu amri kumi kanisani."

"Nilikosea. Nilitia sahihi mimi, nitaiondoa mimi."

Hapo ndipo mtu hupimwa. Wengi tunaitaka haki mpaka itutake tukiri kosa letu mbele ya watu. Tryphena alikuwa na kila sababu ya kusingizia uchungu, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakusingizia.

Alikwenda Voi na Dinah pamoja na wanawake wengine wanne waliojilipia nauli. Walibeba vikapu vitatu vya mkono wake walivyoazima kwa majirani. Kimoja mke wa mchungaji alikuwa amekitumia miaka tisa. Musyimi akauweka ule mfuko mezani. Tryphena akavaa miwani, akainama na kutazama kwa muda mrefu.

"Si yangu," alisema. "Hii imepotwa kwa paja la kulia."

"Wakili wa polisi atasema umegeuza maneno kwa sababu faili imerudishwa."

"Ana haki ya kuuliza. Nipe nafasi nikae chini."

Akaketi sakafuni, akanyoosha mguu wa kushoto na kupota kamba mpya, huku Musyimi akipiga picha za video. Dinah akapota yake pembeni, kwa paja la kulia. Musyimi akazilinganisha na vile vikapu: mikanda yote mitatu iliinamia upande wa kamba ya Tryphena, ile ya polisi upande wa Dinah, basi haikutoka kwenye kikapu cha Sylus. Kisha Tryphena akamwita askari wa kike aliyekuwa mapokezi, wakaingia chumba cha pili, akamwonyesha lile kovu alilolificha maisha yake yote.

Wiki ya nne simu ililia. Maafisa wawili wangeshtakiwa kwa mauaji. Tryphena alipiga magoti hapo hapo jikoni. Alimshukuru Mungu kwa Dinah na utani wake, kwa wale wanawake wanne, kwa daktari aliyehesabu mbavu na hakubadilisha hesabu. Alishukuru hata kwa ule uji wa moto.

Akasuka kikapu kizuri kuliko vyote alivyowahi kusuka, akampelekea Musyimi. Musyimi akakishika, akakigeuza, akamrudishia.

"Nikikichukua leo watasema nimenunuliwa, Mama. Kushtakiwa si kuhukumiwa. Nitunzie mpaka hukumu."

Tryphena alirudi nacho bila kinyongo, akimheshimu zaidi. Kinaning'inia kwake sebuleni, karibu na picha ya Sylus. Kila Alhamisi Dinah humuuliza kama kimeshachukuliwa.

"Bado," hujibu Tryphena. "Lakini mwenyewe anajulikana."