Bodi Yenu, Injini Yangu

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata chai hainishuki. Ni siku niliyoshika spana mbele ya watu wa mtaa wa Mlandege, kule Iringa, nikaanza kufungua injini ya gari ambalo mume wangu alikuwa amekwisha kulitoa zawadi. Wako wanaosimulia mpaka leo kwamba bibi yenu alivunja ndoa kwa spana. Waongo. Usipoisikia kwangu utaisikia kwao, kwa hiyo kaa kitako, na uniache nikasirike, maana hasira hii ni haki yangu.

Babu yenu Idi alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba kule Mufindi. Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Yule mzungu alipofunga virago alimwachia Idi gari lake kuukuu, lililolala nyuma ya ghala tangu wakati wa vita, kuku wanataga kwenye viti. Lori la magogo likalivuta mpaka uani kwetu. Bodi ilikuwa inafaa bado, ukiacha kutu, lakini injini ilikuwa imepasuka ubavuni na hakuna fundi aliyekubali hata kuigusa.

Injini nyingine ilipatikana kwetu Rujewa, kule Usangu. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga lori lake lilizama kwenye mafuriko likavunjika chesisi, na lilikuwa la kampuni moja na gari letu. Hakutaka fedha, alitaka ng'ombe. Na mwenye ng'ombe nilikuwa mimi. Baba yangu, Msangu wa kweli kweli, aliponioza alinitengea mtamba akasema mbele ya kaka zangu: huyu ni wake, na akizaa ni wake pia. Nikamtoa ng'ombe yule pamoja na ndama wake. Sikulazimishwa. Nilimpenda Idi, na hilo nalo lisemwe.

Tulihangaika na ile injini kipupwe chote, na baridi ya Iringa unaijua. Tuliifungua yote tukaitandaza juu ya magunia. Tope la Usangu lilikuwa limeingia mpaka ndani ya silinda. Nikaosha pistoni kwa mafuta ya taa, nikakwangua masizi kwa kisu cha jikoni, mikono ikachanika. Ringi, zile pete za chuma za pistoni, zilikuwa zimeng'ang'ania, zikatoka vipande vipande, ikabidi tuagize mpya. Kisha zikaja valvu, vile vizibo vya silinda. Zile unazipaka dawa yenye mchanga laini, halafu unazisaga mahali pake kwa kijiti, unakizungusha baina ya viganja viwili, kwenda na kurudi. Idi alijaribu, akachoka, akaanza kutukana. Nikamwambia lete hapa, si kupekecha mlenda tu huku? Nikazipekecha zote mimi. Tulipomwaga mafuta ya taa juu yake kupima, hata tone halikupita.

"Mama Tatu, we fundi," akaniambia, akiniita kwa jina la mwanetu wa kwanza. Alisema hivyo tukiwa wawili. Sikiliza vizuri hapo, mwanangu: tukiwa wawili.

Siku injini ilipowaka, watu walijaa uani. Idi alizungusha hendeli, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Jirani mmoja akauliza ni nani aliyeifufua.

"Mimi," akasema Idi. "Gari langu hili, nimelihangaikia peke yangu."

Nilikuwa nimesimama pale pale, grisi mpaka viwikoni. Nikaingia zangu jikoni. Nilidhani ni majigambo ya mwanamume mbele ya wenzake, yatapita. Hayakupita. Kabla mvua hazijaanza mji mzima ulijua lile ni gari la Idi, na Idi mwenyewe akawa ameamini.

Ndipo akaja kaka yake, Mfaume, mwenye duka Mbeya. Huyu ndiye aliyemlea Idi walipofiwa na wazazi, na sikatai kwamba ni wema mkubwa. Lakini alikuwa mtu wa kukukumbusha wema wake kila anaponawa mikono. Alikula wali wangu, akanywa chai yangu, akalizunguka gari na kulipiga kofi kama mtu anayenunua punda.

"Idi, hili litanifaa kwa mizigo ya Chunya."

"Chukua, kaka," akasema mume wangu.

Hivyo tu! Hata jirani akija kuomba chumvi, mtu huchungulia kwanza imebaki kiasi gani. Idi hakugeuka hata kunitazama. Nilitoka jikoni.

"Shemeji, bodi chukueni," nikasema. "Bodi yenu. Injini yangu mimi, inabaki."

Mfaume akacheka. "Gari bila injini nitalifanyia nini?"

"Fugia kuku. Limeshazoea."

Majirani wakaangua kicheko, na hicho kicheko ndicho kilichomchoma Mfaume. Akamgeukia mdogo wake. "Idi, mkeo ananitukana na wewe unaangalia tu?"

Idi akanikazia macho. "Mama Tatu, ingia ndani. Usiniaibishe mbele ya kaka."

Nikaingia ndani kweli. Nikatoka na spana.

Nilifunua boneti nikaanza na mipira ya rejeta, maji yakamwagikia viatu vya Mfaume. Nikaja kwenye nati. Nilizijua zote, nani mwingine angezijua? Nusu yake nilizikaza mimi huku Idi ameshika taa. Mfaume anapiga kelele, watoto wanashangilia, Idi akanishika mkono. Nikamwambia aniachie au nitampiga kwa ile spana. Na ningempiga, mwanangu. Sikufichi.

Aliyetuamua ni Mzee Shomari, jirani yetu ambaye wazee wake walitoka pwani, na hakuna aliyethubutu kupaza sauti mbele yake. Akamwuliza Idi, "Injini hii mliipataje?"

Idi akatazama chini. "Kwa ng'ombe, mzee."

"Ng'ombe wa nani?"

"Alitoka kwa baba mkwe, Rujewa."

"Astaghfirullahi! Umechukua mali ya mkweo ukampa kaka yako? Usangu utapita na uso gani, Idi?"

Pale pale mambo yakageuka. Mfaume akavaa kofia yake akisema yeye hakujua, yeye si mtu wa kula mali ya wakwe, na akaondoka bila kuaga. Wanaume wale wale waliokuwa wakitazama wakaleta magogo na mnyororo, wakaining'iniza injini na kuitoa taratibu, kwa adabu. Wanawake wakaja kunipongeza kwamba nimeshinda.

Nimeshinda nini? Nilikuwa nawaka kuliko mwanzo. Niliposema ni yangu, niliambiwa niingie ndani. Iliposemwa ni ya baba yangu, wote wakashika adabu. Ng'ombe ni yule yule, injini ni ile ile. Mzee Shomari alinisaidia, Mungu amrehemu, lakini alinisaidia kwa jina la mtu mwingine, na mimi nimesimama hapo hapo mbele yake na spana mkononi.

Nikaipakia injini kwenye lori moja la kubeba mpunga, Tatu mgongoni, nikarudi kwetu. Bodi niliwaachia. Rujewa tukaifunga injini kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mkanda ukazunguka, na wanawake waliozoea kutwanga tangu alfajiri wakaanza kupanga foleni kwetu na vikapu vyao.

Idi alikuja wakati wa mavuno, kwa miguu kutoka barabara kuu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuja kwangu. Alinipita pale kwenye mashine, nimejaa pumba kichwani, akaenda moja kwa moja kwa baba aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, akapiga magoti mbele ya foleni nzima.

"Kamwene, baba. Nimekuja kuomba radhi. Nilitoa mali yako bila kukuuliza."

Baba hakuitikia hata ile salamu. Alikuwa mtu mpole, sikuwahi kumwona akifoka, lakini siku ile alifoka mpaka wanawake wakashusha vikapu.

"Mali gani? Mimi nina injini, mimi? Mwenyewe yule pale, umempita!"

Idi alibaki kwenye magoti yake, hajui ageukie wapi. Nikaizima mashine, asije akasema baadaye kwamba aliomba radhi na mimi sikusikia. Akainuka, akaja mpaka nilipokuwa.

"Mama Tatu," akasema, "injini ni yako. Tuliitengeneza wote nikasema ni mimi. Nisamehe."

Nilimwonyesha gunia la pumba alibebe, na akalibeba. Alikaa na sisi Rujewa, tukaendesha ile mashine pamoja mpaka Mungu alipomchukua, na mtu akiuliza ni ya nani, alininyooshea kidole kabla swali halijaisha. Hasira ilipungua. Kuisha haikuisha, na sioni kwa nini iishe.

Sasa nakwambia waziwazi, mwanangu. Ukitia mali yako na jasho lako katika kitu, kitaje kuwa ni chako siku hiyo hiyo mbele ya watu, wala usikimbilie jikoni kama nilivyokimbilia mimi. Ukishakinyamazia, siku ya kukidai utaonekana mwendawazimu. Na wewe mwanamume, kabla hujasema "mimi", tazama ni nani aliyesimama kando yako. Usijitafutie ukubwa kwa ndugu zako kwa kutoa cha mkeo. Ukimkosea, usiende kuomba radhi kwa baba yake wala kwa kaka yake, nenda kwake mwenyewe, na umwombe pale pale ulipomdharau. Na mkija kuwa wazee wa kuamua ugomvi wa watu, mkiuliza kitu ni cha nani, msikilizeni anayejibu, hata akiwa ni mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na akujalie kula matunda yake wewe mwenyewe. Akupe mwenzi atakayekutaja kwa jina ukiwapo na usipokuwapo. Na siku utakapokuwa umemkosea mtu, Mungu akufumbue macho, usimpite akiwa amesimama njiani.